Marabu Juu ya Boneti Nyeusi

Kuna sauti moja ambayo mpaka leo hunitoa kitandani kabla ya wakati: kucha za ndege mzito akitembea juu ya mabati. Si njiwa wala kunguru, hao miguu yao ni myepesi. Nazungumzia marabu, yule korongo mkubwa mwenye kipara na mfuko wa nyama unaoning'inia shingoni, anayetembea polepole kama karani mzee aliyefunga mikono nyuma ya koti. Juma lililopita mmoja alitua juu ya nyumba ninayopanga hapa Nkoroi, na kabla sijafumbua macho vizuri nilikuwa nimeshasimama nje na birika la maji ya vuguvugu na fulana kuukuu ya pamba, nikilikagua gari langu dogo kama mtu anayetafuta upele kwenye mgongo wa mtoto.

Doa nililikuta karibu na kioo cha mbele, bichi bado. Nililowesha fulana, nikailaza juu yake, nikamimina maji kidogo tena, nikangoja. Sikusugua. Jirani mmoja aliyekuwa akitoka kwenda kazini aliniuliza kama gari lina homa, maana nimeliwekea kitambaa kwenye paji la uso. Nilicheka naye, lakini macho sikuyaondoa kwenye doa. Nitawaambia kwa nini, ingawa ni jambo ambalo sijawahi kulisimulia lote kwa mtu yeyote.

Nilikuwa darasa la nne, miaka ya tisini ikielekea kwisha, na tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya mawe Kitengela, kwenye ploti iliyokuwa na wapangaji sita, choo kimoja mwisho wa ua, na mti mmoja tu, mgunga wa shina la manjano. Wakati huo Kitengela ilikuwa bado na nafasi. Ukisimama mlangoni uliona nyanda mpaka macho yachoke. Upepo ulileta harufu mbili kwa zamu: harufu ya damu na kwato zilizochomwa kutoka kichinjioni, na harufu kavu ya vumbi la simiti kutoka upande wa viwandani. Vumbi hilo lilikaa kwenye kila kitu. Nguo zilizoanikwa asubuhi ziliondolewa jioni zikiwa ngumu kidogo, na Mama alizikung'uta mara tatu kabla ya kuzikunja. Kichinjio ndicho kilichotuletea marabu. Walishiba kule, kisha wakaja kupumzika juu ya mgunga wetu.

Baba alikuwa dereva wa mkurugenzi wa kampuni moja ya Nairobi iliyouza dawa za mifugo. Gari lenyewe lilikuwa jeusi, refu, na linang'aa kiasi kwamba ulipoinama juu ya boneti uliona meno yako. Kwa kawaida lililala kwa bosi. Lakini Desemba hiyo bosi alisafiri ng'ambo kwa wiki mbili, na nyumba yake ilikuwa ikipakwa rangi. Hakutaka tone lolote limwagikie gari, basi akamwambia Baba akae nalo kwetu, aliegeshe kivulini, asilifunike turubai, na akirudi alikute kama alivyoliacha.

Kwa sababu hiyo hatukwenda kijijini kwetu Bungoma Krismasi ile. Nilipouliza kwa nini, Mama alinionyesha dirishani kwa kidevu tu.

Tulijua bosi ni mtu wa namna gani. Baba alikuwa ametusimulia mezani jinsi dereva aliyemtangulia alivyoondolewa kazini kwa mkwaruzo chini ya kioo cha pembeni, mkwaruzo mfupi kuliko kidole, na aliapa hakuufanya yeye. Bosi alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa mpaka shavu likaribie rangi, akaangalia mwanga unavyotembea juu ya bati. Alitembea na leso nyeupe mfukoni, na alipoona uchafu hakuweza kuuvumilia. Baba alimwigiza, nasi tulicheka. Lakini nilikuwa mtoto wa kuogopa, na nilicheka huku nikihesabu mambo mengine kichwani: kodi ya nyumba, karo yangu, maziwa ya mdogo wangu. Nilijua vyote vilitoka ndani ya gari lile.

Hapa inanibidi nikiri tabia yangu. Nilikuwa mtoto wa kufuta. Daftari zangu zilikuwa na matundu kwa sababu nilipokosea herufi moja niliifuta mpaka karatasi ikatoboka, kisha nikararua ukurasa mzima na kuandika upya. Sufuria nilizosugua mimi ziling'aa ndani na nje, na Mama aliwaonyesha majirani. Hakuna aliyenifundisha hayo. Nilijifundisha mwenyewe, kwa sababu nilipoona kitu kina doa nilihisi kama kuna mtu ananitazama kisogoni.

Siku ya Alhamisi, zikiwa zimebaki siku nne bosi arudi, mke wake alimtuma Baba Mashuuru na pikapu ya kampuni kupeleka nguzo za ua kwenye shamba lao. Angerudi Ijumaa jioni. Mama alikuwa akishinda kwenye kibanda chake sokoni na mdogo wangu mgongoni, akishona sare za shule kwa ajili ya Januari. Basi nikaomba mimi niachiwe gari. Niliomba kwa siku mbili nzima kabla ya safari. Mwishowe Baba alichuchumaa mbele yangu. Aliniita Mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Nekesa.

"Mama, ukiona ndege, fukuza," aliniambia. "Lakini gari usiguse. Hata kwa kidole."

Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alisema mavi ya marabu yakipigwa na jua la saa sita yanakula rangi. Akasema ndiyo, yanakula, na ndiyo maana nifukuze. Hakuniambia nifanye nini nikishindwa kufukuza. Nadhani hakutaka kufikiria hivyo.

Nilikaa chini ya mgunga tangu asubuhi na fito moja ndefu na mfuniko wa sufuria wa kugonga. Marabu watatu walikuwa juu. Nikigonga, waliruka, wakazunguka angani kama wazee wanaotafuta miwani, wakarudi. Wambui, binti wa mpangaji wa nyumba ya tatu, aliyenizidi miaka miwili, alileta kigoda chake karibu ili aone vizuri. Aliniuliza nalipwa ngapi kulinda mavi. Akasema gari si la baba yangu hata, baba yangu ni wa kushika usukani tu. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa na shida nyingine. Nilikuwa nimebanwa na haja tangu saa mbili, na choo kilikuwa mwisho wa ua.

Nilivumilia mpaka miguu ikaanza kutetemeka. Halafu nikakimbia. Sidhani nilichukua hata dakika mbili. Niliporudi nikifunga kitufe cha sketi, Wambui alikuwa amesimama, mkono mdomoni, na katikati ya boneti nyeusi kulikuwa na doa jeupe kubwa kama chapati, lenye kitovu cha kijani na mikia iliyokimbia kuelekea taa.

Naomba mniamini kwamba sikuligusa mara moja. Nilisimama. Kivuli cha mgunga kilikuwa kikisogea, na jua lilikuwa limefika kwenye taa ya kushoto. Nikiliacha, lingekula rangi. Nikiligusa, nimevunja amri. Nilijaribu kusukuma kivuli kwa kukinga kanga ya Mama juu ya boneti kwa mikono miwili, mpaka mabega yakauma na Wambui akacheka hadi akakaa chini. Doa likaanza kukauka kingo. Niliona likibadilika rangi.

Maji yalikuwa jerikeni moja tu, ya kupikia, na mwuza maji mwenye punda hakuwa amepita. Nikachagua kitu laini kuliko vyote nilivyovijua duniani: nepi ya mdogo wangu, iliyokuwa kwenye kamba tangu juzi. Sikuikung'uta. Nikaanza kufuta, kavu, kwa duara, jinsi nilivyosugua sufuria.

Weupe ulitoka. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikainamisha kichwa kama bosi.

Pale palipokuwa na doa sikuyaona meno yangu tena. Palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu kulikuwa na miduara midogo midogo, mamia, iliyozungukana kama nyuzi za kiota. Nilidhani ni uchafu uliobaki. Nikasugua zaidi. Ukungu ukaongezeka. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kufunika uso: niliona kingo za ukungu zimejitenga sana na weusi unaong'aa, nikaamua kuzilainisha ili zisionekane. Nikapanua duara kidogo. Kingo mpya nazo zikaonekana, nikapanua tena. Nilikuwa nafuta kosa kama nilivyofuta kwenye daftari, na bati halikutoboka, lakini doa la chapati likawa la sahani.

Kilichonisimamisha ni Wambui. Hakuwa akicheka tena. "We Nekesa," alisema polepole, "sasa umechora mwezi."

Jioni Mama aliporudi nilimwambia kila kitu kiko sawa. Nilikula ugali wote ili asiniulize. Nilikuwa nikifikiria dereva wa zamani na mkwaruzo wake mfupi kuliko kidole, na sahani yangu.

Asubuhi ya Ijumaa nilirudi chini ya mti kwa sababu sikujua mahali pengine pa kuwa. Marabu hawakuwa na huruma. Kabla ya saa tatu mmoja alilinyea buti la nyuma, na mimi, nikiwa kama mtu anayetembea usingizini, nilikwenda kuchukua nepi ileile.

Mama Naisiae ndiye aliyenikuta. Alikuwa mama wa Kimaasai aliyetuuzia maziwa, akitembea na punda wake kutoka upande wa mto kila asubuhi, madebe mawili ubavuni mwa mnyama na shanga zikilia kifuani mwake. Alizoea kunisalimia kwa Kimaa, akiniita entito, yaani msichana, ili anicheke nikijibu.

"Takwenya, entito."

"Iko," nilijibu, bila sauti.

Akanitazama usoni, akatazama nepi, akatazama gari. Alinishika kiganja, akanipangusa kidole kimoja juu ya nepi, akanionyesha unga wa kijivu uliobaki kidoleni. Aliusaga katikati ya kidole chake na gumba karibu na sikio langu, nikasikia ukikwaruzana.

"Hii vumbi iko na meno," alisema. "Wacha kusugua."

Nilimwuliza kama anajua mambo ya magari. Akasema gari hajui, lakini ngozi anajua. Ndama akiharisha, mavi yanakauka kwenye mkia na mapaja mpaka yanakuwa kama simiti, na ukiyavuta yanatoka na manyoya na ngozi yenyewe. Basi alinituma nipashe maji ya kupikia, yasiwe moto, yawe kama maziwa yanapotoka kwa ng'ombe. Akararua kipande cha kitambaa safi alichofungia chombo chake cha kupimia, akakilowesha, akakilaza juu ya doa bila kukikandamiza, kisha akaenda zake kuuza maziwa nyumba kwa nyumba. Aliniambia kikikauka nikiloweshe tena, na mikono yangu niiweke nyuma. Niliiweka nyuma. Sijawahi kungoja kitu kwa muda mrefu namna ile. Niliamini kwamba chini ya kile kitambaa rangi ilikuwa ikiliwa.

Aliporudi, alimwaga maji mengi kwanza ili vumbi liondoke, kisha akakinyanyua kitambaa kutoka upande mmoja, taratibu, akikikunja kwa ndani. Doa lilitoka nacho lote, kama utando unavyotoka juu ya maziwa yaliyochemka. Akamimina maji tena, akakausha kwa kugusagusa tu kwa upande safi. Niliinama. Chini yake palikuwa peusi, panang'aa, na meno yangu yote yalikuwa pale.

Mngedhani nilifurahi. Nililia. Mpaka wakati huo nilikuwa nimeanza kujiaminisha kwamba ni marabu aliyeharibu boneti, kwamba rangi ililiwa, kwamba lingetokea hata kwa mtu mkubwa. Sasa nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba kinyesi hakikufanya lolote. Mama Naisiae alidhani nalia kwa kupona, akanigusa kichwa, akaenda na punda wake. Sikumwonyesha boneti. Nilikuwa nimembakiza nyuma ya gari muda wote.

Na hapo ndipo wazo lilinijia. Kama pangekuwa na kinyesi juu ya mikwaruzo, Baba angekifuta mwenyewe na kukuta rangi imeliwa, na kosa lingekuwa la ndege. Sikuweza kumwomba marabu. Nilihitaji kinyesi mara moja, na mahali maalumu.

Nilikitengeneza. Nisingeweza kukitengeneza vibaya, hata kwa hofu niliyokuwa nayo. Nilichukua kijiti nikachunguza madoa halisi yaliyokuwa chini ya mti, jinsi weupe ulivyo mwepesi pembeni na mzito katikati, na ule ukijani uliokaribia weusi. Unga wa ugali na maji ulipasuka ulipokauka. Uji wa unga ulikuwa wa manjano mno. Nikasaga chaki, nikachanganya na uji na maziwa kidogo, na kwa kitovu nikatwanga jani la sukuma na vumbi la makaa. Mara ya nne kilifanana kabisa. Nilipanda juu ya kigoda cha Wambui, aliyekuwa ametumwa dukani, nikakiachia kutoka juu kwa kijiko ili kitawanyike chenyewe. Kilitua vizuri kuliko nilivyotarajia. Kilifunika mwezi wote.

Baba alirudi saa kumi, mwenye vumbi jekundu la Mashuuru mpaka kwenye kope. Hakuingia nyumbani. Alianza kulizunguka gari, kama alivyofanya kila mara, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikiuma ukosi wa sweta. Alipofika mbele alisimama. Aliita aletewe maji ya vuguvugu, nikampelekea kwa beseni, mengine yakimwagika miguuni. Akatoa fulana yake safi kwenye mfuko, akailowesha, akailaza juu ya kinyesi changu. Kumbe alijua. Njia ya Mama Naisiae alikuwa nayo siku zote, na hakuwahi kunieleza kwa sababu alidhani kukataza kunatosha.

Tulingoja pamoja. Akanyanyua fulana. Aliitazama boneti, akainama shavu karibu na bati, akakaa hivyo. Kisha akaitazama fulana. Akainusa.

"Nekesa," alisema. Hakuniita Mama. "Hii ni unga."

Nilimwambia yote. Choo, kivuli, nepi, duara, kingo, Mama Naisiae, chaki. Nilisema haraka ili nimalize kabla hajanipiga. Hakunipiga. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, mikono juu ya magoti, na nikaona mikono inatetemeka. Nilidhani ni hasira anayoizuia. Nilisogea nyuma hatua mbili.

Jumamosi alijaribu polishi. Boneti iling'aa, lakini ukiinamisha kichwa, mwezi ulikuwa pale. Alijaribu tena. Mama alijua kuna jambo, akauliza, akaambiwa ni marabu. Jumapili kanisani ilikuwa zamu ya Baba kusoma neno, na jina lake lilipoitwa alimwashiria mwenzake asimame badala yake. Nilidhani koo linamuuma.

Jumatatu bosi alikuwa akitua adhuhuri. Asubuhi, Mama alipokwenda sokoni, Baba alikuja jikoni nilipokuwa nikiosha vikombe. Alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa tai.

"Mama," alisema, "unaweza kutengeneza ingine?"

Sikuelewa.

"Kama ile. Iwe kubwa. Na isikauke haraka."

Nakiri kwamba ile ilikuwa moja ya asubuhi zenye furaha zaidi utotoni mwangu. Baba alisaga chaki kwa kitako cha kikombe, mikono ya shati ikiwa imekunjwa ili isichafuke, nami nilimwelekeza. Nilimwambia maziwa yaongezwe ili ubichi ukae. Nilimwonyesha jinsi ya kuachia kutoka usawa wa kifua, akajaribu kwenye kipande cha bati nyuma ya nyumba, mara ya kwanza likatoka kama uji uliomwagika, mara ya tatu hata marabu wenyewe wasingebisha. Tulilitia kwenye kopo tupu la siagi na kijiko chake. Nilijiona nimesamehewa, tena nimepandishwa cheo. Aliniambia tusimwambie mama yangu, na hata hilo lilinifurahisha. Alipowasha gari hakunitazama.

Alirudi jioni kwa miguu kutoka barabara kuu, gari likiwa limebaki kwa mwenyewe. Alisema mambo yameisha. Hakumaliza chakula. Nililala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Kilichotokea uwanja wa ndege nilikijua mwaka juzi tu, Baba akiwa amestaafu na kurudi Bungoma, siku nilipomtembelea kwa gari langu na kunguru akalichafua. Alicheka kidogo, kisha akanisimulia bila kuulizwa. Aliliweka doa pale maegeshoni, dakika chache kabla ya bosi kutoka na mizigo. Bosi alipoliona, Baba akamwambia, "Ngoja nilete maji, mkubwa." Alisema hivyo huku akijua kwamba mtu yule hawezi kungoja. Bosi alitoa leso yake nyeupe, akafuta mwenyewe, kavu, kwa nguvu, kisha akainamisha kichwa. Akaikunja leso. Halafu akamwambia Baba kwamba angemsikiliza haya yasingempata.

Baba alimwendesha miaka minane zaidi. Na katika miaka hiyo, kila alipopanda mgeni, bosi alikirudia kisa hicho. Aliwasimulia wageni jinsi alivyoliharibu gari lake kwa mkono wake kwa kutomsikiliza dereva mwaminifu, na wageni walimpongeza dereva kutoka kiti cha nyuma, na Baba aliitikia asante huku macho yake yakiwa barabarani.

Nilimwuliza kwa nini hakusema tu ukweli, au hata kujitwika kosa.

"Ningesema ni mimi, angenifuta kazi," alisema. "Ningesema ni wewe, angenifuta tu. Halafu wewe ungekua ukijua ni wewe."

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba ile mikono iliyotetemeka mlangoni ilikuwa ya hasira, na kwamba asubuhi ya chaki ilikuwa mchezo wetu, baba na binti. Kumbe mtu mzima mwenye tai, aliyekuwa ameshindwa kusimama kanisani, alikuwa amekuja jikoni kwa mtoto wa darasa la nne kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Niliogopa siku nne. Kisha nikalala, nikidhani hofu imetoka nyumbani kwetu, ilhali ilikuwa imekwenda naye kazini, na ikaketi nyuma yake kila siku, ikimsifu.